Uchovu unaobaki baada ya dengue, chikungunya na korona: mwilini kunatokea nini?

Fundi wa Hadubini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mtanivumilia. Jambo lenyewe nimeishi nalo ndani ya nyumba tangu 2019.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu wa shule ya msingi. Dengue ya 2019 ilipopiga Dar es Salaam naye alilala. Homa ikaisha, vipele vikaisha, chembe sahani za kugandisha damu zikapanda, tukashukuru Mungu. Nguvu tu ndiyo haikurudi. Kwenye mwezi wa tatu hivi, Jumamosi moja alifua beseni moja la nguo za watoto. Siku hiyo alikuwa sawa, jioni akapika kabisa. Jumapili akaamka koo linamkereketa, tezi za shingo zinauma, kichwa kizito kama mtu anayeanza mafua. Jumatatu asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, kitana kimenasa katikati ya nywele, mkono umeshuka mapajani. Alishindwa kuurudisha juu. Zilipita siku tisa ndipo akarudi pale alipokuwa kabla ya lile beseni.

Tumezunguka naye sana. Malaria hakuna. Taifodi wakasema "ipo kidogo", akameza dawa zote, hakuna kilichobadilika. Mwisho daktari mmoja akamwambia vipimo vyote viko safi, mama apunguze mawazo. Akatoka pale analia. Mimi ni mtu wa maabara, na baadhi ya vipimo hivyo nilivifanya kwa mikono yangu. Jibu likiwa safi maana yake ni kwamba yale tuliyoyatafuta hatukuyaona, basi. Halisemi kwamba mgonjwa ni mzima.

Ndiyo nikaanza kusoma. Hali hii ina jina, ni ugonjwa wa uchovu sugu, na huko nje wanauandika ME/CFS. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka wazi namna ya kuutambua: uwezo wa kufanya shughuli umeshuka sana kwa miezi sita au zaidi, mtu analala lakini anaamka amechoka vilevile, na akifanya kazi hata ndogo anaporomoka baadaye, mara nyingi kesho yake au keshokutwa. Juu ya hapo awe na ukungu wa kichwa, yaani kusahau na kushindwa kufuata maneno, au awe anazidiwa akisimama. Huo mporomoko wa baadaye ndio alama yake kubwa. Mimi na wewe tukichoka tunalala, tunaamka. Huyu analipa deni kwa siku nyingi.

Sasa deni hilo linatoka wapi? Watafiti wanayatazama sana mambo mawili yanayoshikana mikono.

La kwanza ni mchochota. Neno ni la vitabu, kitu chenyewe unakijua: umejikata, pale pamevimba, pana joto, panauma. Ni kinga ya mwili iko kazini. Seli za kinga hupelekeana habari kwa kemikali zinazoitwa sitokini, na habari hizo hufika mpaka kwenye ubongo. Kila aliyewahi kulala na malaria anajua zinavyofika. Ule mwili kuuma wote, chakula kukukifu, kutaka kujifunika gubigubi usisemeshwe na mtu, kwa sehemu kubwa ni ubongo unaitikia sitokini. Unakuamuru ulale ili nguvu yote iende vitani. Ni amri nzuri, maradhi yakiisha nayo huondolewa. Kwa wagonjwa hawa inaelekea amri haikuondolewa, au inarudi kila wakijitumikisha.

La pili ni msongo wa oksidi. Ndani ya seli kuna mitokondria, majiko madogo yanayochoma chakula kwa oksijeni na kutoa ATP, ambayo ndiyo nguvu inayokaza msuli. Jiko lolote lina cheche. Oksijeni kidogo huchomoka njiani ikawa superoksidi, kitu chenye fujo kinachogusa na kuharibu kila kilicho jirani. Mwili una wazima moto wake. Kimeng'enya kiitwacho SOD huigeuza superoksidi kuwa haidrojeni peroksidi, ile ile dawa inayotoa povu ukisafishia kidonda, kisha katalesi na glutathioni huimalizia ikawa maji. Cheche zikiwazidi wazima moto, mafuta ya kuta za seli yanaungua, protini zinaharibika, na majiko yenyewe yanapata hitilafu. Mafuta yaliyoungua huacha mabaki yanayopimika, yanaitwa isoprostani. Watafiti wa Dundee, Scotland, waliyapima mwaka 2005 kwa wagonjwa wa uchovu sugu wakayakuta yako juu kuliko kwa wazima. Mwaka huohuo wenzao wa Marseille, Ufaransa, waliwaendesha wagonjwa baiskeli ya maabara. Alama za kuungua kwenye damu zao zilipanda mapema na zikakawia kushuka kuliko za wazima.

Niliposoma hilo la Marseille nilikumbuka lile beseni.

Na haya mawili yanalishana. Cheche zikizidi huamsha ndani ya seli swichi inayoagiza sitokini zaidi. Sitokini nazo huzichochea seli za kinga kumwaga superoksidi na naitriki oksidi, silaha zao za kuulia vijidudu. Silaha hizo mbili zikikutana huzaa peroksinaitraiti, ambayo ni kali zaidi na huharibu mitokondria. Mitokondria iliyoharibika inatoa ATP kidogo na cheche nyingi. Mduara umefunga. Hii yote kwa pamoja bado ni nadharia, lakini kila kipande chake kimeonekana maabara.

Mwenye ndugu wa namna hii aseme. Mwenye swali aulize.

Mzee wa Nyanda

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho, na pole kwa dada yako. Niseme la moyoni bila kukuudhi. Sisi tulilima na malaria mwilini. Mtu akikaa sana na ugonjwa, mwili unazoea kulala. Asukumwe taratibu, leo hatua kumi, kesho ishirini. Atarudi.

Fundi wa Hadubini

Shikamoo mzee wangu. Hujaniudhi. Mawazo hayo hata madaktari wakubwa walikuwa nayo. Uingereza waliwatibu wagonjwa kwa njia hiyo hiyo ya kuongeza mazoezi kila wiki, kwa miaka mingi, na utafiti uliochapishwa 2011 ukasema inasaidia. Wagonjwa wakapinga, wakaomba takwimu zitolewe, zikachambuliwa upya, ikaonekana faida ilikuzwa. Oktoba 2021 NICE, chombo kinachotoa miongozo ya tiba huko, kiliandika kwamba mazoezi ya kupandishwa kwa ratiba yasitumiwe kuutibu ugonjwa huu.

Sababu yake iko kwenye zile cheche. Kwa mtu asiye mgonjwa, cheche za mazoezi ni mwalimu, zinauambia mwili ujenge wazima moto wengi zaidi, ndiyo maana mazoezi yanatutia nguvu. Kwa mgonjwa huyu mwalimu anakuja na fimbo tu. Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam waliwachukua watu 25 wenye korona ya muda mrefu, yaani ambao dalili hazikuisha baada ya korona, na wazima 21, wakawaendesha baiskeli dakika chache, wakakata kipande kidogo cha msuli wa paja kabla, na kingine siku iliyofuata. Wagonjwa walikuwa na misuli iliyoumia na mitokondria iliyopungua kazi. Huo ni msuli chini ya hadubini, mzee wangu, na msuli haudanganyi.

Mdogo wangu tulimsukuma pia. Mimi mwenyewe ndiye niliyemsukuma, nilimwamsha saa kumi na mbili tutembee mpaka barabarani na kurudi. Wiki ya tatu akawa hawezi kutoka kitandani kwenda chooni peke yake. Sijajisamehe.

Bint Kisauni

Assalam aleikum nyote. Niko Mombasa. Mimi ni chikungunya ile ya 2018. Viungo viliniuma hata kushika kikombe cha chai nikawa sishiki. Maumivu yamepungua, huu uchovu ndio hauondoki. Nikisimama jikoni kukaanga mahamri, mara moyo unakwenda mbio, macho yanaingia giza, nakaa chini palepale sakafuni. Mume wangu mwanzo alidhani nadeka. Hakuniambia, lakini nilimwona. Swali langu: ikiwa ndani ni mchochota, mbona CRP, kile kipimo cha damu cha kuonyesha mchochota, kilirudi sawa?

Fundi wa Hadubini

Wa aleikum salaam dada, pole sana. CRP hutengenezwa na ini likipata amri kutoka kwa sitokini moja hasa, IL-6, tena amri ya nguvu, kama kwenye nimonia au jipu. ESR, kipimo kingine cha damu cha mchochota, nayo ni hivyo hivyo, inaona moto mkubwa. Wagonjwa wengi wa uchovu sugu hizo mbili ziko kawaida. Moto wao ni wa makaa chini ya majivu.

Chuo cha Stanford walitoa kazi nzuri 2017. Walipima sitokini 51 kwa wagonjwa 192 na wazima 392. Walipowaweka wagonjwa wote kapu moja, tofauti na wazima ilikuwa kwenye sitokini mbili tu. Walipowapanga kwa ukali wa ugonjwa, sitokini 17 zikawa zinapanda kadiri mtu anavyozidiwa. Ndiyo maana tafiti nyingi zinagombana. Ukimchanganya anayekwenda kazini na asiyeweza kugeuka kitandani, wastani unaficha kila kitu.

Hilo la kusimama na moyo kwenda mbio usilipuuze, linapimika bila mashine. Daktari akipita humu atalisema vizuri kuliko mimi.

Mmakonde wa Bara

Jina chikungunya ni letu. Ni Kimakonde, ni habari ya mtu kukunjamana. Mlipuko ulioupa ugonjwa jina ulikuwa kwetu, nyanda za Newala, 1952 kuja 1953. Marehemu bibi alikuwa akisimulia kwamba baada ya homa ile kulikuwa na watu hawakushika jembe msimu mzima. Wengine wakasemwa kijijini kuwa ni wavivu, wengine kwamba wamerogwa. Nimesoma uzi huu nikamkumbuka. Kumbe inawezekana walikuwa wagonjwa kweli.

Fundi wa Hadubini

Mkuu, asante kwa hili. Na una haki ya kuwasemea. Kisiwani Réunion, ulikofika ugonjwa huo 2005 na 2006 baada ya kupita Lamu na Mombasa 2004, wamewafuatilia wagonjwa wao kwa miaka, wakaona unaacha vitu viwili: maumivu ya viungo na uchovu sugu.

Kuna na Dubbo, mji wa mashambani Australia. Waliwafuata watu 253 tangu siku walipougua homa tatu tofauti: homa ya tezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr, homa ya Q inayotoka kwa mifugo, na virusi vya Mto Ross, ambavyo ni ndugu wa chikungunya. Baada ya miezi sita asilimia 11 walikuwa na ugonjwa wa uchovu sugu. Vijidudu tofauti, mwisho mmoja. Kilichotabiri nani atabaki mgonjwa ni ukali wa homa ya mwanzo. Hulka ya mtu au wasiwasi wake wa kabla havikutabiri. Yule aliyemwambia mdogo wangu "punguza mawazo" natamani asome ukurasa huo.

Kuitwa mvivu au mwenye kichaa kuna historia ndefu. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free, London, ilifungwa kwa zaidi ya miezi miwili kwa sababu wafanyakazi wake karibu 300 waliugua kitu kisichojulikana, na wengine hawakupona vizuri. Miaka 15 baadaye madaktari wawili wa akili walipitia makaratasi tu, wakaandika kwamba ilikuwa histeria ya pamoja, yaani hofu iliyoambukizana, na hoja yao moja ni kwamba waliougua wengi walikuwa wanawake. Maneno hayo yaliwafuata wagonjwa kwa miongo.

Kijana wa Uru

Mkuu Fundi, somo limeeleweka. Sasa mimi mama yangu ana hali hii, na kuna dada mmoja wa kanisani anauza dozi ya antioksidanti. Vidonge, unga wa kuchanganya na maji, na majani. Anasema inasafisha sumu zote ndani ya siku 90. Bei ni laki tatu na nusu kwa mwezi. Kwa maelezo yako cheche zipo, wazima moto wamepungua. Basi si tununue wazima moto? Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi wawili.

Fundi wa Hadubini

Mdogo wangu, usiuze mbuzi.

Hoja yako ni ya akili, hata wanasayansi waliifikiria hivyo hivyo. Huko New York walipima kwa mashine ya MRI wakakuta glutathioni kwenye ubongo wa wagonjwa iko chini kwa asilimia 36 hivi, matokeo wakayatoa 2012. Ukisikia hivyo unaona jibu ni kuongeza. Lakini glutathioni ukiimeza, sehemu kubwa inavunjwa tumboni kabla ya kufika popote. Na kukuta wazima moto wachache kwenye nyumba inayoungua hakukuambii nani aliwasha. Inawezekana wamepungua kwa sababu ya moto.

Tena kuzizima cheche zote si salama. Finland waliwapa wavutaji sigara beta-karotini, antioksidanti mojawapo, wakitegemea kuwakinga na saratani ya mapafu. Mwaka 1994 majibu yakatoka: waliopewa ndio walioipata zaidi. Ujerumani 2009 waliwapa vijana wazima vitamini C miligramu 1000 na vitamini E kila siku wakifanya mazoezi, na faida waliyopaswa kuipata kwenye kazi ya insulini ikafutika. Mwili unazitumia cheche kidogo kama taarifa. Ukiziba taarifa, unaziba na mafunzo.

Upande wa mchochota nao wamejaribu. Uholanzi wanawake 50 wenye uchovu sugu waligawanywa, wengine wakachomwa anakinra, dawa inayoziba sitokini ya IL-1, kwa wiki nne. Matokeo yalitoka 2017: haikuwashinda waliochomwa maji tu. Norway walijaribu rituksimabu, inayofyeka seli B za kinga, kwa wagonjwa 151. Majaribio madogo ya mwanzo yalileta matumaini makubwa, hili kubwa la 2019 halikuonyesha faida. Hata picha ya mchochota kwenye ubongo iliyopigwa Japani 2014, kwa wagonjwa tisa, timu ya Uholanzi iliirudia kwa njia hiyo hiyo na haikuuona.

Ninayasema haya nikijua yanauma. Mchochota na msongo wa oksidi ni ushahidi kwamba mama yako anaumwa kweli. Bado havijawa dawa. Anayekuuzia siku 90 anauza kitu ambacho maabara kubwa za dunia hazijakipata. Hiyo laki tatu na nusu mnunulie mama mayai, maharage, matunda, na mlipe binti wa kumchotea maji. Hiyo ndoo ya maji asiyoibeba itamsaidia kuliko unga wowote.

Daktari wa Wilaya

Niongezee machache kama mtu ninayewaona wagonjwa hawa kwenye foleni.

Kwanza, msijipe jina hili wenyewe. Uchovu wa miezi ni dalili ya vitu vingi vinavyotibika: upungufu wa damu, safura, kifua kikuu, VVU, kisukari, tezi ya thairoidi ya shingoni iliyolegea, kichocho, brusela kwa wanaokunywa maziwa mabichi, figo, moyo, sonona, dawa anazotumia mtu. Mgonjwa anapungua uzito, anatoka jasho usiku mpaka shuka inalowa, ana homa zinazorudi, au CRP yake iko juu? Huyo tunamtafutia kitu kingine kwa haraka.

Dada wa Mombasa: lala chali dakika kama kumi, mtu akuhesabie mapigo dakika nzima. Kisha simama wima bila kutembea, uwe karibu na ukuta na mtu wa kukushika, ahesabu tena mpaka dakika ya kumi. Yakipanda kwa mapigo 30 au zaidi kuliko ulipolala na kubaki huko, andika, mpelekee daktari wako. Wapo wanaosaidiwa na maji mengi, chumvi zaidi na soksi za kubana, ila chumvi usiiongeze mwenyewe kabla hajakupima presha na figo.

Na nikiri jambo. Sisi madaktari wengi hatukufundishwa ugonjwa huu darasani. Mimi nimewahi kumwambia mgonjwa apunguze mawazo. Leo nisingemwambia.

mama_wawili

Fundi, na dada yako sasa yukoje? Anaishije? Mimi binti yangu ana miaka 16, tangu korona hajawa yule niliyemjua. Shuleni wanasema anategea.

Fundi wa Hadubini

Hajapona, mama. Lakini haporomoki kama zamani, na hilo kwetu ni kubwa.

Tulichofanya ni kujifunza kipimo chake. Ana daftari la shule la kawaida, kila siku mistari minne: alichofanya, kwa dakika ngapi, alivyojisikia palepale, na alivyojisikia siku mbili baadaye. Huo mstari wa nne ndio wenye siri. Baada ya wiki tatu tukaona mambo tusiyoyategemea. Kuoga amesimama kulimgharimu kuliko kufundisha kipindi kimoja amekaa, kwa hiyo sasa anaoga kwenye kigoda. Nguo zinafuliwa kwa mafungu, tatu leo, tatu keshokutwa, na kukamua anakamua mtu mwingine. Anapumzika kabla hajachoka, na hapo ndipo pagumu, maana siku akiamka na nguvu anataka kumaliza kazi za wiki nzima. Siku hizo nzuri ndizo zilizokuwa zinamwangusha.

Mwalimu mkuu wake amekuwa muungwana. Amempa vipindi vya asubuhi tu, darasa la chini lisilo na ngazi, na kiti. Barua tuliandika fupi, tukaambatanisha ya daktari. Haikuomba huruma, ilisema anachoweza na asichoweza, na kwamba akisukumwa siku moja shule itamkosa siku tano.

Kwa binti yako anza na daftari, wiki mbili tu, kisha nenda nalo kwa daktari pamoja naye. Asikimbizwe uwanjani wakati mnasubiri. Mistari minne kama nilivyoandika hapo juu, na saa ya kulala na kuamka pembeni. Jumapili nitaweka hapa picha ya ukurasa mmoja wa mdogo wangu mwone unavyojazwa, nikishamwomba mwenyewe ruhusa.